Mbona Yule wa Jikoni Hawamuulizi?

Mwezi uliopita mama mdogo alikuja Dar kwenye harusi ya binamu yangu akalala kwangu siku nne, na jioni ya pili mvua ilikamata kweli kweli, hata barazani hakukaliki, nikamwambia mama ngoja nikuwekee muvi, ninayo kwenye laptopu siku nyingi. Nikaweka Ex Machina. Ni muvi ya roboti lakini ya maneno matupu, hamna ngumi, hamna gari linalopinduka, na Kiingereza cha mama mdogo ni cha kuombea maji, kwa hiyo nikakaa pembeni yake nikawa namtafsiria sentensi kwa sentensi kama wale maDJ wanaotafsiri muvi kwenye mabanda ya video. Nikichoka nafupisha, na yeye akiona nimefupisha ananigonga goti, "kasema maneno mengi yule, we umesema mawili."

Tukafika pale mezani. Tajiri mwenye nyumba, Nathan, anakula na mgeni wake Caleb, na kuna binti anahudumia, anaitwa Kyoko. Binti anamimina mvinyo, unamwagika, tajiri anamfokea vibaya mno. Caleb anataka kumsemesha yule binti, kumwambia haina shida, Nathan anamwambia usijisumbue, huyo hajui Kiingereza hata neno, nimemuweka makusudi ili nikiongea siri zangu za kazi mezani zisitoke.

Mama mdogo akasema simamisha kidogo. Nikasimamisha.

"Huyu kijana kaitwa aje kumpima yule roboti wa kwenye kioo kama ana fahamu, si ndo ulivyoniambia?"

"Ndiyo mama."

"Sasa na huyu wa jikoni, mbona hawamuulizi?"

Nikabaki nimeshika laptopu. Nimeiangalia hii muvi mara sita, naweza kukutajia hadi wimbo wanaoucheza, na hilo swali halijawahi kunijia hata siku moja. Ndo maana naandika hapa, na kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu basi kaiangalie kwanza urudi, kwa sababu nitaisema yote mpaka mwisho.

Kwa ambao hamuijui, iko hivi. Alex Garland ni Mwingereza, alishaandika riwaya na skripti za watu wengine kwa miaka, na hii ndo ya kwanza kuiongoza mwenyewe. Ilitoka Januari 2015 kwao Uingereza, Marekani ikaingia Aprili. Iligharimu kama dola milioni 15, ambazo kwa muvi za maroboti ni hela ya nauli, na bado 2016 ikachukua Oscar ya utundu wa picha (visual effects) mbele ya Star Wars na Mad Max. Hadithi yenyewe ina watu wanne na nyumba. Caleb ni kijana wa kuandika programu, anashinda bahati nasibu kazini, zawadi ni kukaa wiki moja na bosi mkubwa kabisa wa kampuni. Anapelekwa na helikopta, anamuuliza rubani lini tutafika kwenye eneo la bosi, rubani anacheka anamwambia tunapita juu ya eneo lake masaa mawili sasa. Nyumba iko katikati ya milima na msitu (sehemu yake walipiga kwenye hoteli moja iko Valldal, Norway, vioo vitupu, mto unapita chini). Ndani ya hiyo nyumba Nathan katengeneza Ava, roboti mwenye uso wa msichana, tumbo na mikono unaona nyaya ndani, na kazi ya Caleb ni kukaa naye wametenganishwa na kioo, kikao baada ya kikao, halafu aseme: huyu ana fahamu au anaigiza tu?

Hilo jaribio lina asili yake. Mwaka 1950 Alan Turing aliandika kwenye jarida la Mind kwamba tuache kubishana kama mashine inafikiri, badala yake tucheze mchezo: wewe uko chumba kimoja, unachati kwa maandishi na wawili usiowaona, mmoja mtu mmoja mashine, ukishindwa kujua yupi ni yupi basi mashine imepita. Nathan yeye kaupindua. Anamwambia Caleb, Ava ningemficha ungesikia sauti tu angepita bila shida, jaribio la kweli ni kukuonyesha kabisa kwamba ni roboti, nyaya unaziona, halafu tuone kama moyoni bado utaona kuna mtu mle ndani. Murray Shanahan, profesa wa Imperial College London, ndo alikuwa mshauri wa sayansi wa hii muvi, na hilo wazo lilimpendeza mpaka akaliita jaribio la Garland. Tena kuna kitu kidogo kimefichwa: kuna sehemu Caleb anaandika kodi za programu kwenye kompyuta, watu wakaisimamisha picha wakaikopi wakairan kweli, ikatoa ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, ya kitabu cha Shanahan mwenyewe cha 2010 kuhusu ubongo na fahamu. Napenda sana watu wanaofanya kazi kwa mapenzi ya namna hiyo.

Lakini turudi kwenye swali la mama mdogo. Vikao kwenye muvi vinaandikwa kabisa kwenye skrini, Ava kikao cha 1, Ava kikao cha 2, vinafika 7. Kyoko hana hata kimoja. Yupo kila mahali, analeta chai asubuhi, anakata samaki jikoni, anacheza muziki akiambiwa acheze, anafanywa mengine ambayo nayaacha, na hafungui mdomo tangu mwanzo mpaka mwisho. Na sisi watazamaji tumekaa pale tunaumiza kichwa kuhusu yule anayeongea vizuri.

Mama mdogo hakuwa anajua bado kwamba Kyoko naye ni roboti, muvi haijakwambia pale mezani. Yeye alimuona dada wa kazi. Na anajua anachokisema kwa sababu alianza maisha hivyo, alitolewa Matombo akiwa na miaka kumi na mitatu akaletwa mjini kulea watoto wa watu, na aliwahi kuniambia kitu kilichomuumiza zaidi kwenye ile nyumba sio kazi, kazi alikuwa anaiweza. Ni vile baba na mama wenye nyumba walikuwa wanagombana mambo ya chumbani, madeni, nani kamuendea nani kwa mganga, yote mbele yake, yeye anapangusa meza, wanaongea kama vile meza inajipangusa yenyewe.

Sasa kuna hili neno letu, fahamu. Nimelifikiria sana wiki hizi. Kwa Kiswahili mtu anapoteza fahamu, halafu fahamu zinamrudia, yaani tunazisema kama vile zilitoka kutembea zitarudi nyumbani. Na kufahamu ni kuelewa pia, na kufahamiana ni kujuana. Wasomi wanapogawa wanasema hii ni akili, ile ni fahamu, nyingine nafsi, nyingine roho, na kompyuta inaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili, ndo maana tunasema akili mnemba, wengine akili unde, sijasikia mtu anasema fahamu unde. Ila kwenye matumizi ya kila siku fahamu ya mtu tunaijua kwa njia moja tu, umemsemesha akaitika. Asipoitika tunasema hana fahamu. Na hapo ndo nataka kukwambia habari za bibi.

Bibi yangu mzaa mama alipata kiharusi 2018, mwezi wa sita, asubuhi anawasha moto. Upande wa kulia wote ukalala na maneno yakaisha. Sio kwamba yalikuwa mazito mdomoni, yaliisha kabisa, na ilionekana hata yale anayoambiwa hayamuingii. Daktari alituelezea vizuri tu kwamba kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, na huo huo ndo unaoongoza mkono na mguu wa kulia, kwa hiyo ukipigwa hapo vinaondoka pamoja. Hilo tulilielewa. Ambalo lilinitesa ni lile faili lililoning'inia miguuni pa kitanda.

Kwenye faili kuna kipimo wanakiita cha Glasgow, kilitungwa huko Glasgow 1974, kinatumika karibu dunia nzima. Unampima mgonjwa macho alama 4, maneno alama 5, viungo alama 6, jumla 15, na wa chini kabisa anapata 3. Ni kipimo kizuri, kimeokoa watu wengi, sikilaumu. Ila angalia kilivyokaa: alama 5 nzima ni za kuongea, na ili upate zile 6 za viungo lazima ufuate amri, na amri unapewa kwa maneno. Sasa mtu aliyepoteza maneno tu, kila kitu kingine kipo, atafaulu vipi mtihani ulioandikwa kwa maneno? Nesi anakuja, "bibi, nyanyua mkono. Bibi! Nyanyua mkono." Kimya. Anaandika namba anaondoka. Siku ya tatu wawili walisimama pale kitandani wakawa wanaongea, mmoja akasema huyu hata akirudi nyumbani ni wa kusubiria tu, hasikii kitu. Kwa Kiswahili, sauti ya kawaida, kichwa cha bibi kiko sentimita hamsini kutoka kwenye kiwiko chake.

Mama mdogo ndo alikuwa analala naye pale wodini, chini, kwenye mkeka. Akasubiri wameondoka akamuinamia akamwambia kwa Kiluguru, polepole, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba asiwasikilize. Na bibi akageuza macho. Sio kichwa, macho tu, yakatoka darini yakaja mpaka usoni kwa mama mdogo yakakaa hapo. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili na chupa ya chai nimeiona kwa macho yangu. Mjomba alipoambiwa alisema inaweza ikawa sauti tu imemvuta, hata mtoto mchanga anageukia sauti. Inaweza. Sijui kama kuna namna ya kumshinda mjomba kwa hoja pale.

Baadaye sana, bibi alishaondoka tayari, ndo nikaja kusoma habari za Adrian Owen na wenzake pale Cambridge. Walikuwa na mgonjwa, msichana wa miaka 23, ajali ya gari 2005, miezi mitano amefungua macho lakini haitiki chochote, kwa vipimo vyote vya kitandani hayupo. Wakamuingiza kwenye mashine ya MRI, ile inayoonyesha ubongo unavyofanya kazi, wakamwambia fikiria unacheza tenisi. Halafu fikiria unatembea nyumbani kwenu chumba kwa chumba. Na ubongo ukawaka, sehemu zile zile zinazowaka kwa mtu mzima wa afya ukimwambia vile vile, tenisi ikawaka kwa tenisi, vyumba vikawaka kwa vyumba. Wakachapisha kwenye jarida la Science 2006. Yaani alikuwa mle ndani muda wote, anasikia, anatii amri, ila hana mlango wa kutolea jibu. Nililia nilipoisoma, sina aibu kusema, niko kwenye daladala nimeshika simu nalia. Na sio yeye peke yake, Agosti 2024 kwenye jarida la New England la udaktari ilitoka kazi ya hospitali kadhaa kwa pamoja, wagonjwa 241 ambao kitandani hawafuati amri yoyote, na 60 kati yao, mmoja kwa kila wanne, ubongo wao ulikuwa unafanya unachoambiwa.

Mmoja kwa kila wanne, na juu ya vichwa vyao kuna watu wanaongea.

Kwa hiyo ukirudi kwenye muvi na hayo kichwani unaona kitu kingine kabisa. Turing alisema mashine ikijibu kama mtu tuipe heshima ya kusema inafikiri, na kwa wakati wake ilikuwa busara kubwa, alikuwa anakataa mtu kuhukumiwa kwa ngozi yake. Shida ni pale tunapoligeuza, kwamba asiyejibu hayupo. Nathan na Caleb, wajanja wawili wa kompyuta, wamejifungia wiki nzima kutafuta fahamu, na wanaitafuta upande mmoja tu wa nyumba, upande wenye sauti.

Kuna sehemu Nathan anamsimamisha Caleb mbele ya mchoro wa Jackson Pollock, ule wa rangi zimerukarushwa. Anamwambia huyu mchoraji aliachia mkono uende, haikuwa kwa kupanga na haikuwa bahati mbaya, ni mahali fulani katikati, na angesema sitaweka tone mpaka nijue kwa nini basi asingeweka hata moja. Kazi ngumu, anasema, ni kupata tendo ambalo sio la kujiendea lenyewe, kuanzia kuchora mpaka kupumua mpaka kuongea mpaka kupenda. Hiyo ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote na ndo inayonirudisha kwa bibi kila nikiiona, kwa sababu ya ungo.

Tulimrudisha nyumbani baada ya wiki tatu. Anakalishwa kwenye kiti cha kamba nje chini ya mwembe, mkono wa kulia umelala mapajani, anaangalia mbele. Siku moja mama mdogo alikuwa anachambua mchele, akaitwa ndani, akaweka ungo mapajani kwa bibi ili kuku wasiuparue. Aliporudi mkono wa kushoto wa bibi ulikuwa unafanya kazi. Anatoa chuya. Polepole sana, kidole gumba na cha shahada, anashika chuya moja anaitupa upande wa kuku, anapapasa tena, anashika nyingine. Mchele mzuri haugusi. Kuanzia hapo ikawa kila siku tunamuwekea, na mjomba akija anasema hiyo ni mazoea ya mkono, miaka sitini kachambua mchele, mkono unajua wenyewe, hata kichwa kikifa mkono utachambua. Mama mdogo anamjibu, na we unavyoongea hapo kwani sio mazoea ya mdomo?

Niliwahi kufikiri mama mdogo anajibu kwa hasira tu. Siku hizi naona alikuwa anasema sawasawa na Nathan, tena kwa maneno machache.

Sasa Kyoko. Mara ya kwanza kabisa niliiona hii muvi 2016 kule Morogoro kwenye banda, ya kutafsiriwa, na nilikuwa nimesahau mpaka juzi mama mdogo aliponistua. DJ wa pale alikuwa anatafsiri laivu, sauti nzito, yeye ndo Nathan, yeye ndo Caleb, yeye ndo Ava, anaibana tu sauti kidogo, na ajabu ni kwamba ndani ya dakika tano hakuna aliyekuwa anasikia mwanaume, wote tulikuwa tunamsikia Ava. Basi DJ huwa hawezi kuvumilia kimya, kimya kwenye banda ni hasara, watu wataanza kuongea yao. Kwa hiyo Kyoko alipokuwa anatokea hana la kusema DJ akawa anampa maneno. Anakata samaki jikoni, kisu kirefu kile, DJ anasema taratibu, kwa sauti ya kike, "kula baba, kula ushibe, siku yako naijua." Banda zima likaitika eeeh! Kila Kyoko akipita DJ anampa kasentensi kamoja. Ilipofika kule mwisho, Nathan anarudi nyuma nyuma akimburuta Ava na anajikuta kaingia mwenyewe kwenye kisu alichokishika Kyoko, hakuna aliyeshangaa. Watu walisimama wakapiga makofi, walikuwa wanamsubiri yeye. Miaka miwili baadaye nilipoiangalia ya Kiingereza kitupu nikashangaa kweli, nikaona kisu kimetoka hewani, kwa sababu nilishasahau kwamba huyu dada alikuwa na mawazo. Mtu mmoja kwenye banda la mabati na maiki ya kuunguruma alifanya kile ambacho Caleb na shule yake yote hakukifanya. Alidhani kwamba huenda kuna mtu mle.

Najua unachotaka kusema, kwamba DJ alimtungia, na kumtungia mtu mawazo sio sawa na kumuuliza. Ni kweli. Na hatari ya upande huo ipo, tena ndo inayotusumbua saivi zaidi. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum pale MIT alitengeneza programu ya kuchati, ELIZA, ilikuwa inakurudishia maneno yako kwa swali tu, haina chochote ndani, na mwenyewe alihadithia kwamba sekretari wake, aliyemuona anaitengeneza miezi yote, baada ya kuchati nayo kidogo alimuomba atoke chumbani awaache. Na 2022 mhandisi wa Google alitangaza kwamba programu yao ya kuchati, LaMDA, ina hisia, wakamfukuza. Maneno matamu yanatuteka. Caleb mwenyewe ndo alivyotekwa: Ava anauvuruga umeme wa kuchaji mpaka nyumba nzima inazima, kamera zinakufa, taa nyekundu zinawaka, na kwenye lile giza ndo anamnong'oneza usimuamini Nathan. Nani asingeamini? Sisi tunaojua kukatikiwa umeme tunajua maneno ya gizani yanavyokuwa na uzito, watu mnaambiana mambo ambayo taa ikiwaka mnaona haya.

Kwa hiyo kuongea vizuri hakuthibitishi na kukaa kimya hakukanushi, na ukweli ni kwamba kwa nje hatuna kipimo. Nilichojifunza mimi ni kuangalia nani tunamuwekea kiti cha kuulizwa. Saivi dunia nzima inajadili kama hizi mashine zinazochati zinaumia, makongamano, maprofesa, na wakati huo huo Januari 2023 jarida la Time liliandika habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wanasoma matusi na ukatili wa kila aina siku nzima ili ChatGPT ifundishwe kutoyasema, kwa chini ya dola 2 kwa saa, na baadhi walisema kazi ile iliwaharibu akili. Hao wana fahamu, hakuna anayebisha. Ila ukifungua ile chati inakujibu kwa adabu, wao huwaoni popote.

Tuliendelea kuangalia. Kyoko akabandua ngozi ya shavuni mbele ya Caleb, chini ya ngozi chuma, mama mdogo akashika mdomo. Akaniuliza, "kwa hiyo na yeye?" Nikamwambia na yeye. Kuna makabati chumbani kwa Nathan yamejaa wenzao wa zamani, mmoja kwenye video alipigapiga mlango atolewe mpaka mikono yake ikasambaratika, na hao wote walikuwa wanaomba kwa vitendo, hawakuwa na kikao. Baadaye Ava anatoka, anamkuta Kyoko kwenye korido, anamsogelea sikioni anamnong'oneza kitu, na sisi hatusikii. Garland katunyima. Mama mdogo akanigonga goti, "kamwambia nini?" Nikamwambia hawajasema mama. "Kwa lugha gani sasa, si walisema hajui?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Kamwambia kwa lugha yake."

Halafu kisu, na Nathan anageuka. Hapa ndo naomba uangalie kwa makini ukiirudia. Kyoko kisu hajakishikilia tena, kimebaki mgongoni kwa Nathan, wanatazamana, na yeye anapeleka mkono anamgusa shavu. Polepole. Nathan anampiga na chuma, taya inang'oka, anaanguka. Ava anachomoa kile kisu anamaliza kazi, anaenda kuchukua ngozi na mikono kwenye makabati, anavaa gauni, anamuacha Caleb amefungiwa kwenye kioo anapiga kelele, anapanda helikopta. Kyoko anabaki sakafuni. Watu wamebishana miaka yote hii kuhusu Ava kumuacha Caleb, kama ni ukatili au ni haki yake, na kwenye banda ilikuwa vurugu kwa sababu steringi huwa hafungiwi ndani akaachwa. Kuhusu Kyoko kuachwa pale chini sijawahi kusikia mtu analalamika.

Mama mdogo aliniomba nirudishe pale kwenye shavu. Nikarudisha. Akasema tena. Nikarudisha mara tatu, mvua imeshapungua nje, chura wameanza. Mjomba angesema ni programu tu, aliwekewa kumshika tajiri uso, anafanya alichozoea. Inaweza, kwa sababu muvi haijasema.

"Unakumbuka kile kijiwe?" mama mdogo akaniuliza.

Ilikuwa Februari 2019, mwezi mmoja kabla bibi hajafariki. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda miguuni pake nashika ungo usimdondoke, mkono wake unatembea kama kawaida, chuya, kuku, chuya, kuku. Akashika kitu akasita. Kijiwe, kadogo, cheupe kama mchele wenyewe. Hakukitupa kwa kuku. Mkono ukaja ukasimama mbele yangu, nikafungua kiganja bila kufikiri, akakiweka katikati. Nikadhani basi. Mkono haukuondoka. Akashika kidole changu kidogo akakikunja, akashika cha pili akakikunja, akaja cha tatu, vidole vyake vinatetemeka, akaja cha nne, gumba akaliweka juu. Akabonyeza kidogo. Halafu akarudi kwenye mchele.